Treki Zako Ziko Wapi?

Kila wiki swali ni lile lile: "Buda, nianze na maiki gani?" Wengine hunitumia mpaka picha ya bei kutoka duka fulani la Luthuli Avenue, wanataka tu niseme ndiyo au la. Na mimi huwarudishia swali lingine, jambo ambalo najua linawaudhi: ngoma yako ya mwisho, treki zake ziko wapi?

Kimya. Ama naambiwa, "Ziko na produsa." Ama, "Treki gani tena? Si nilikutumia MP3?"

Basi leo tuongelee hapo. Mimi naona kijana yeyote anayetoa ngoma hapa Kenya anafaa ajue misingi ya kurekodi treki nyingi na kumiksi kabla hajatumia shilingi nyingine kwa video, kwa maiki, ama kwa nguo za kupigia picha. Sisemi kila mtu awe produsa. Nasema ujue kiasi cha kufungua wimbo wako mwenyewe, uone kilicho ndani, na ukitaka uubebe uende nao kwingine. Sauti tamu ni jambo zuri, lakini kinachoniuma zaidi ni nani ameushika wimbo wako.

Nina marafiki watatu wa Kayole, wanaimba pamoja tangu shule. Walirekodi ngoma kwa studio moja ya mtaani, sitaitaja. Walilipa elfu nne na mia tano: biti, kurekodi, miksi, kila kitu. Ngoma ikatoka, ikachezwa kidogo, ikatulia kama ngoma nyingi zinavyotulia. Baada ya mwaka na kitu, jamaa mmoja anayetengeneza matangazo akaisikia, akapenda korasi. Alitaka vitu viwili tu: wimbo bila sauti za kuimba, na ile korasi peke yake bila biti. Akawapa siku tatu. Wakapiga simu studio, wakaambiwa ile kompyuta ilifutwa zamani ili ipate nafasi ya kazi mpya. Walichobaki nacho ni MP3 moja iliyopitia simu nne kabla irudi kwao. Siku tatu zikaisha, jamaa akachukua wimbo wa watu wengine. Hakukuwa na ugomvi wala nini. Pesa zilipita tu kando yao kama mat iliyojaa.

Sitaki kumtukana yule produsa. Diski hujaa, na kununua nyingine ni pesa. Hakuna aliyemwambia azihifadhi, hakuna aliyeziomba siku ya kuchukua kazi. Hawakuziomba kwa sababu hawakujua ziko.

Sasa treki ni nini hasa? Fikiria githeri na uji. Githeri hata ikishaiva, ukiwa na subira unaweza kuketi na sahani ukachambua mahindi huku, maharagwe kule. Uji hauna hiyo. Ukishakoroga unga, maji na sukari, ndio imetoka hiyo, hakuna mtu duniani atakurudishia sukari yako. Rekodi ya treki nyingi ni githeri: sauti yako iko kwa mstari wake, sauti ya pili mstari wake, kiki yake, bezi yake, gitaa lake. Zote zinacheza pamoja lakini kila moja unaweza kuishusha, kuinyamazisha, kuirekodi upya bila kugusa zingine. Miksi ni kuamua kila moja ikae wapi na iwe na nguvu gani. Halafu ukishatoa faili moja ya mwisho, hiyo MP3 unayotuma kwa kila mtu, umekoroga uji.

Hii kitu ya kutenganisha watu waliihangaikia sana. Mpiga gitaa Mmarekani Les Paul alikuwa akirundika sauti juu ya sauti, yeye na mkewe Mary Ford, miaka ya mwanzo ya 1950, na kwa njia aliyotumia, kosa moja la mwisho lingeweza kuharibu kila kitu kilichotangulia. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ikamtengenezea mashine ya treki 8. Miaka kumi baadaye, 1967, The Beatles bado walikuwa wakirekodi Sgt. Pepper London kwa mashine za treki 4. Zikijaa, wanazichanganya zote nne kwa treki moja ya mashine nyingine ili wapate nafasi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Wewe simu yako iliyopasuka kioo inakupa treki nyingi kuliko hizo bure, halafu unazitumia mbili.

Na hao hao Beatles wana kisa kingine kinachonifaa hapa. John Lennon aliacha kaseti ya nyumbani ya wimbo Now and Then, yeye na piano, vyote vimeshikana pamoja. Wenzake watatu walijaribu kuumalizia miaka ya 1990 wakauweka kando, sababu moja ikiwa ni kwamba sauti haikutoka safi kwenye piano. Ulitoka 2023, baada ya timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson kutengeneza programu ya kompyuta inayojifunza kutenganisha sauti. Kufikia hapo George Harrison alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka ishirini. Hiyo ndiyo gharama ya uji, na hawa ni watu wenye pesa.

Najua mnachotaka kusema. "Lakini siku hizi kuna programu za akili bandia, unaweka MP3 inakutenganishia bure." Ndiyo, nimezitumia, na kwa mazoezi ziko poa sana. Lakini sikiliza kile inachokupa ukiwa na hedifoni. Sauti inatoka na mikwaruzo ya hi-hati ndani yake, herufi za mwisho zinamezwa, mwangwi unakatika vibaya. Kwa dijei wa sherehe itapita. Kwa mtu anayetaka kulipia wimbo wako aweke kwa tangazo, hapana. Na hata ingekuwa nzuri mara kumi, bado ni ajabu kuomba mashine ikukisie kitu ambacho wewe mwenyewe uliimba.

Mwingine atasema Billie Eilish alirekodi kwa chumba cha kulala na akashinda Grammy. Kweli kabisa. Albamu yake ya 2019, yeye na kaka yake Finneas waliitengenezea kwa wingi nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles, na 2020 ikawa Albamu ya Mwaka. Watu husimulia hadi hapo wakaishia. Sehemu inayorukwa ni kwamba kazi ya kumiksi ilipewa mtu mwingine, Rob Kinelski, mhandisi mwenye uzoefu. Iliwezekana kwa sababu treki zilikuwa zao, zimepangwa, zinaweza kufunguliwa kwa meza ya mtu mwingine. Chumba cha kulala hakikuwa na uchawi wowote.

Haya, tuseme umekubali. Unaanzia wapi na huna pesa?

Programu kwanza, na hii nitaipita haraka kwa sababu watu hubishana bure. Kwa simu, BandLab ni ya bure. Kwa laptopu, Audacity ni ya bure na imekuwepo tangu 2000. Kuna Reaper, unaijaribu siku 60 nzima bila kulipa, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwenye iPhone ama Mac ana GarageBand tayari. Chagua moja. Ukinitumia ujumbe wa kuuliza ipi ni bora kati ya hizo, sitajibu.

Sasa chumba. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ngoma nyingi za mtaani zinapofia, na hakuna plagini itakayozifufua.

Sauti yako hufika kwa maiki zaidi ya mara moja. Kwanza inatoka mdomoni moja kwa moja. Halafu inagonga ukuta, inagonga dari, inagonga sakafu ya simiti, inarudi imechelewa kidogo, na maiki inachukua zote bila kuuliza. Keja ya mawe yenye tailizi, kitanda kimoja na kiti cha plastiki inasikika kama bafu. Ukishaimba hapo, ule mlio wa bafu umeshikana na sauti yako milele, umekuwa uji mdogo ndani ya treki moja. Ukiongeza kompresa baadaye, mlio unapanda zaidi.

Na hapa naomba radhi kwa wote waliobandika trei za mayai ukutani. Kwa video zinapendeza. Lakini trei ya mayai ni karatasi nyepesi: inapunguza kidogo ule mlio wa juu, inaacha wa kati na wa chini ukirukaruka vile ulivyokuwa, na kelele za nje hazizuiliki kwa karatasi. Unachohitaji ni kitu kizito na laini. Blanketi nzito mbili, duveti, godoro lililosimamishwa. Na ulisimamishe nyuma yako wewe mwimbaji, si nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia zinasikiliza mbele, yaani zinakuangalia wewe na ukuta ulio mgongoni mwako, kwa hivyo huo ndio ukuta wa kufunika kwanza. Kama una kabati lililojaa nguo, lifungue uimbe ukiwa umelipa mgongo. Gharama yake ni sifuri.

Kabla hujaimba, rekodi sekunde thelathini za kimya, uvae hedifoni usikilize. Utashangaa kile kinachoishi kwa hicho chumba chako. Friji. Jenereta ya kinyozi. Mtoto wa jirani. Kesha ya Ijumaa mtaa wa pili. Kama paa ni mabati na mvua inanyesha, lala tu, bana. Mimi hurekodi kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, kabla mat hazijaanza kupiga honi, na ninajua kwa wengi wenu hiyo ni ngumu kwa sababu mnalala watano kwa chumba. Basi ongea na watu wa nyumba, tafuta nusu saa ya mchana watu wakiwa kanisani.

Umbali wa mdomo na maiki: shubiri moja. Nyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, hapo katikati ndio umbali. Ukisogea ukafikia nusu ya hapo, sauti inapanda kama desibeli 6, na kwa maiki nyingi za kuimbia mlio mzito wa chini unavimba, unasikika kama mtangazaji wa redio ya usiku. Inaweza kupendeza. Shida ni ukisogea na kurudi, mstari mmoja mzito, mwingine mwembamba. Simama mahali pamoja. Weka alama ya tepu sakafuni kama unatikisika sana.

Halafu kuna lugha yenyewe. Kiswahili kina P na B za kutosha kumtesa fundi yeyote: pesa, penzi, baba, bembea. Hewa ya hizo herufi hupiga maiki kama ngumi. Hanga ya waya iliyokunjwa mviringo na kuvalishwa soksi nyembamba ya mama, ukiiweka katikati yako na maiki, inamaliza hiyo shida. Kwa S jaribu kuimba "siasa" ukiwa umeelekeza mdomo kando kidogo, usilenge maiki moja kwa moja.

Kiwango cha sauti unaporekodi nacho kimezungukwa na uongo mwingi. Watu wanaambiwa warekodi kwa nguvu, ile mistari ya kijani ijae mpaka nyekundu. Zamani kwa tepu kulikuwa na sababu, maana tepu yenyewe ina mvumo wake na ulitaka kuupita. Kwa kompyuta, sifuri ndio dari. Ukipita sifuri, sauti inakatwa kichwa, na mlio wake ni mchafu na haurekebishiki vizuri. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti si ile ya kudemkia, ni kipimo cha undani wa faili), uache sehemu za kelele zaidi zigonge kama -12. Biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kwa hesabu, zikilinganishwa na 96 za biti 16. Ukirekodi chini kidogo hupotezi chochote cha maana, utapandisha baadaye.

Kitu kimoja cha mwisho kwa kurekodi: hedifoni ya waya. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hivyo unaimba nyuma ya biti na hujui kwa nini kila mtu anasema huna taimingi. Na zifunike masikio vizuri, la sivyo biti inavuja kutoka kwa masikio yako inaingia kwa maiki. Siku utakayotaka kubadilisha biti, ile ya zamani utaisikia ikinong'ona chini ya sauti yako.

Sasa miksi. Ushauri wangu haupendwi: wiki mbili za kwanza usifungue plagini hata moja. Tengeneza kitu kidogo bila biti ya mtandaoni. Weka mdundo wa kuhesabia, kasi ya 90. Rekodi ukigonga meza, treki ya kwanza. Chupa na kijiko, ya pili. Bezi ya mdomo, ya tatu. Imba, ya nne. Imba tena kitu kile kile, ya tano na ya sita. Tayari una treki sita na hujatumia hata shilingi. Sasa cheza na mambo mawili pekee, sauti juu na chini, kushoto na kulia. Anza na zote zikiwa zimezimwa. Washa kile ambacho wimbo hauwezi kuishi bila hicho, halafu ongeza kimoja kimoja. Nakuahidi saa nyingi za hiyo kazi zitakufundisha kuliko video arobaini.

Kwa nini uimbe tena badala ya kunakili treki? Kwa sababu treki mbili zinazofanana kabisa ni treki moja iliyopandishwa desibeli 6, basi. Ukiimba mara ya pili, tofauti ndogo ndogo za pumzi na taimingi ndizo zinazofanya korasi isikike pana ukiweka moja kushoto na nyingine kulia. Kiki, bezi na sauti kuu ziache katikati. Spika za duka la M-Pesa na zile ndogo za kubebwa nyingi zinacheza upande mmoja tu, kwa hivyo jaribu miksi yako kwa mono pia uone kama kuna kitu kimetoweka.

Baada ya wiki mbili, ikwalaiza. Kazi yake kubwa kwako ni kutoa. Kwa sauti ya kuimba, kata kila kitu kilicho chini ya hezi 80 hivi, pale hakuna neno lolote la wimbo wako, pana lori na feni tu. Kama miksi imejaa tope, angalia kati ya hezi 200 na 400, hapo vitu vyote hupenda kujazana. Kompresa nayo ni kama mzazi mwenye rimoti: tangazo likipiga kelele anashusha, mtu akinong'ona anapandisha, mpaka unaweza kusikiliza bila kuruka. Anza na uwiano wa 3 kwa 1, iwe inashusha desibeli 3 mpaka 6 tu pale unapopaza sauti. Mwangwi, ile riverbu, weka ukiusikia kidogo halafu upunguze nusu. Kuhusu kumasta, kwa sasa usijisumbue. Wale wanaosukuma sauti mpaka ngoma inapumua kama mgonjwa wakumbuke kwamba Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hushusha nyimbo kubwa mpaka karibu -14 LUFS. Unakuwa umeiponda bure.

Halafu toka nje nayo. Kwa bahati nzuri tunaishi Nairobi, mji wenye maabara za sauti zinazotembea. Omba makanga wa Rongai mwenye spika kubwa akuchezee dakika moja. Kama bezi yako inameza maneno yote, utajua kabla ya kufika Galleria. Kisha cheza kwa spika ya simu ya bei rahisi, ambapo mlio wa hezi 50 haupo kabisa. Kama bezi imepotea yote na wimbo umebaki mifupa, inahitaji kupewa mlio kidogo wa juu, mchafuko kiasi, ili sikio liifuate. Sehemu hizo mbili zikikubali, umefika mbali.

Na tafadhali acheni kununua zile seti za "sauti kama ya msanii fulani" kwa mia tano kwa M-Pesa. Mtu alipanga ikwalaiza na kompresa kwa sauti yake, kwa maiki yake, kwa chumba chake. Ukiziweka kwa sauti yako ni kama kuvaa miwani ya daktari ya mjomba.

Maproduza wengine wameshanikujia juu kwa haya. Mmoja aliniambia, "Sasa unataka kutuulia njaa." Nilimwelewa, lakini sikubaliani. Msanii anayejua treki ni nini anakuja studio na sauti safi, hapotezi saa tatu akiuliza kwa nini kunasikika vibaya, na anajua kumwambia "bezi inapigana na kiki" badala ya "iweke moto". Mimi mwenyewe bado ninalipa mtu wa kumiksi ngoma ninazozijali, kwa sababu masikio yake yana miaka kumi na yangu yana mitatu. Tofauti ni kwamba nampelekea treki, na akikosana na mimi naenda nazo.

Wana hoja moja ya haki, nayo nitaitoa. Faili lote la mradi, na mipangilio yake ya plagini, ni ujuzi wa produsa, na anaweza kukataa kukupa hilo. Biti aliyoitengeneza pia ina mwenyewe. Na kama biti uliitoa YouTube, huenda hata wewe huna chochote cha kudai, una faili moja ya uji ya mtu mwingine. Lakini sauti zako ulizoimba na kulipia muda wa kurekodi ni kesi tofauti kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamhesabu mwenye rekodi ya sauti kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Ni nani huyo, wewe uliyelipa ama yeye mwenye studio? Mkianza kubishana hapo baada ya wimbo kuwika, mmechelewa wote wawili. Andikeni kabla. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ni afadhali kuliko kushikana mikono.

Mimi huandika hivi, kabla sijatuma pesa ya kwanza: "Bosi, bei ni sawa. Siku nikimaliza malipo naomba miksi ya mwisho ya WAV, toleo bila sauti za kuimba, na kila treki peke yake, WAV, biti 24, zote zianzie sekunde ya sifuri, kila moja na jina lake." Hiyo ya kuanzia sifuri usiisahau. Kama kila faili inaanza pale sauti inapoanzia, yule atakayezifungua kesho atakaa usiku mzima akikisia korasi inaingilia wapi. Na jina liwe "sauti kuu", "korasi kushoto", si "Audio 17 mpya kabisa 2". Kwa wale niliofanya nao kazi, ni mmoja tu aliyewahi kukataa, na nilifurahi kujua mapema.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Treki moja ya mono, biti 24 kwa kilohezi 48, wimbo wa dakika tatu, ni kama megabaiti 26. Treki ishirini ni kama 520, nusu ya gigabaiti. Data yako itakufa ukizituma, na WhatsApp ukiituma kama sauti ya kawaida inaweza kuibana, kwa hivyo beba flashi siku ya kuchukua kazi. Zifungue pale pale studio kwa laptopu yako ama ya rafiki, uzicheze zote pamoja, uhakikishe hakuna iliyo tupu.

Na ziwe flashi mbili, manze. Moja ikae nawe, nyingine kwa mama, kwa ile kabati ya vyombo vya wageni ambayo hakuna mtu huigusa.